Makuta isitangulie kintu: namna ya kununua okazio ku telefone bila kuibiwa

Kila mwisho wa mwezi, kisha paye, telefone za wafanyakazi wa migodi zinaanza kulia kwa namna ingine. Mu grupu za WhatsApp na ku Facebook zinapita foto za frigo, konjelatere, pikipiki, telefone, batri na pano za jua. Chini ya foto kuko maneno tunayoyazoea: "Okazio ya Bulaya, hali nzuri sana, mwenyewe anasafiri, bei ya haraka." Kutoka Kolwezi mpaka Fungurume, Likasi, Kipushi na Lubumbashi, habari ni moja.

Okazio yenyewe haiko mubaya. Nyumba zetu nyingi zimejengwa na bintu ya okazio. Mutu anahama, mwingine anarudi kwao, mwingine anatafuta makuta ya masomo ya batoto: anauzisha kintu chake kwa haki, na wewe unanunua kwa bei unayoiweza. Shida inaanza pale mutu usiyemujua, hujaona uso wake, hujafika kwake, anakuomba umutumie makuta mbele ya kuona kintu.

Ku sendika tunapokea watu wanaokuja kuomba tuwasaidie kupata avansi ya mushahara. Wanaanza na kusema ni ugonjwa ao ni minervale. Ukiwaachia muda, wanasema ukweli polepole: makuta ilienda kwa mutu wa ku telefone. Na avansi ikikosekana, wanaenda kukopa ku banki lamberi, ile mikopo ya mu kartie ambayo unachukua 100 na mwisho wa mwezi unarudisha 150. Frigo haikufika, lakini deni limefika. Mwezi unaofuata mushahara unaingia na kutoka siku ile ile, na mu nyumba mama na papa hawasemezani tena. Ni kwa sababu hii tunaandika leo.

Sheria moja mbele ya zote

Bandugu wanaotumika chini ya udongo wanajua: hauingie mu galeri mbele ya kupiga plafon na chuma na kusikiliza. Jiwe lililoshikamana linatoa sauti kali, na lile lililoachana linatoa sauti ya kintu kitupu. Fundi wa umeme naye hagusi kable mbele ya kukata umeme na kuweka kufuli, na ufunguo unabakia mu mufuko wake mwenyewe. Hakuna shefu anayeweza kumuambia: "Aminia tu, wamekata."

Ku okazio pia ufunguo uko moja, na ufunguo ule ni makuta yako. Pale makuta iko kwako, uko na nguvu: unaweza kuuliza, kukatala, kurudi nyumbani. Ikisha kutoka, nguvu imehamia kwa mutu mwingine. Kwa hiyo sheria yetu ni fupi: makuta isitangulie kintu. Unaona, unashika, unajaribu, kisha unalipa.

Baeskro wanaijua hii sheria kutupita sisi. Ndiyo maana maneno yao yote, ya upole na ya kuharakisha, iko na kazi moja tu: kukufanya uivunje. Tuone milango wanayopitia.

Mulango wa avansi ndogo

"Papa, kuko watu watatu wanaitaka. Tuma hata dola 20, nikuwekee." Dola 20 inaonekana kidogo, unatuma. Kesho yake ni makuta ya transport. Kesho kutwa ni ya wapakizi, kisha gari "imekamatwa" ku peaje na kunakosa dola 30 tu. Kila mara ni kidogo, na kila mara ni ya mwisho.

Mutego uko hapa: mutu aliyetuma 20 hapendi kuipoteza, basi anatuma 30 kusudi aokoe ile 20. Jua kwamba ile 20 imekwisha kwenda. Kama umetumbukia, simama pale pale. Hakuna makuta mupya inayoweza kurudisha ya zamani.

Mulango wa umbali

Kintu iko Lubumbashi, wewe uko Kolwezi. Ni karibu kilometa 300, na eskro anajua hautapanda bisi kwa kuangalia frigo tu. Lakini nani kati yetu hana ndugu Lubumbashi? Kama haiko ndugu wa damu, ni mutu wa kanisa, ao mutu uliyesoma naye. Mutume aende kuona kwa macho, mchana, na mutu wa pili.

Kama hauna mutu, muambie mwenye kuuzisha apeleke kintu ku ajansi ya bisi, na wewe utalipa pale utafungua karton mbele ya wafanyakazi wa ajansi. Muuzishaji wa kweli anaweza kununa, lakini mutaelewana. Anayekatala kuonwa na anayekatala pia ajansi amekujibu tayari.

Mulango wa rafiki aliyeibiwa konti

Huu ni mubaya kupita yote, kwa sababu unamuona mutu unayemujua. Ni namba ya kamarade wa posti moja na wewe, ni foto yake. Anaandika: "Yaya, bwana mumoja anahama, anaacha konjelatere kwa bei ya chini, nisaidie nilipe haraka." Kumbe konti yake ya WhatsApp imekamatwa. Mbele ya pale aliitwa na mutu aliyejiita wa rezo, ao wa grupu ya sala, akamuomba kode ya namba 6 iliyoingia ku telefone yake. Aliitoa, na konti ikaenda.

Dawa iko mbili. Ya kwanza: kila mara rafiki anaomba makuta kwa maandiko, muite kwa sauti, kwa rezo ya kawaida, si ku WhatsApp. Sauti yake utaijua. Ya pili: ile kode ya namba 6 haipewe mutu yeyote, hata akijiita mupasteri. Na mu mipango ya WhatsApp, washa ile inayoitwa "vérification en deux étapes". Inaomba dakika mbili, na kama hauelewi, mutoto wa sekondere atakufanyia.

Mulango wa jina la kampani

"Ninatumika ku biro ya kampani. Bazungu wanarudi kwao, tunauzisha bintu yao kwa wafanyakazi tu, usiseme kwa wengine." Anatuma hata foto ya baji. Foto ya baji ni foto, basi. Mutu anaweza kuiokota mu grupu ao kuitengeneza ku telefone.

Kampani ikitaka kuuzisha bintu yake ya zamani, kwa kawaida inabandika tangazo, na malipo inapita ku kese ao ku banki, na risiti. Haipite ku namba ya telefone ya mutu. Mbele ya kutuma, uliza delege wako. Kuuliza ni bure, na kazi yetu ni kujibu. Maneno "usiseme kwa wengine" peke yake inatosha kukuamsha.

Mulango wa nyumba

Wengi wetu tunakaa ku kambi ya kazi siku nyingi mbele ya kurudi nyumbani. Eskro anaijua. Anamuita mama: "Papa ameniagiza batri, iko tayari, lipa sasa, yeye iko kazini, telefone yake haipatikane." Mama anaona ni aibu kukatalia kintu bwana wake ameagiza.

Bandugu, mukae mu nyumba, papa, mama na batoto wakubwa, muchague neno moja la nyumba, neno ambalo haliandikwe popote. Anayekuja kwa jina la papa bila neno lile, hapewe hata franka. Na papa pia asinunue kintu cha bei kubwa bila mama kujua. Siri kati ya bibi na bwana ni njia kubwa ya mwizi.

Hata ukiwa wewe muuzishaji

Watu wanafikiri anayeibiwa ni mununuzi tu. Hapana. Umetangaza telefone yako, mutu anakuja, anasema amekutumia kwa mobile money. Meseji inaingia: "Umepokea dola 150." Anachukua telefone na kwenda. Meseji ilitoka ku namba ya mutu wa kawaida, imeandikwa kufanana na ya rezo. Mwingine anaonyesha foto ya eklan tu.

Usiamini meseji, usiamini foto. Ingia mwenyewe mu menu ya konti yako, angalia ni ngapi iko ndani. Na kama mutu anakuita akisema "nimekosea, nimekutumia makuta, nirudishie", angalia konti mbele. Kama kweli makuta iliingia, umupeleke ku serivisi ya rezo yenyewe, wao watairudisha. Kode yako ya siri, hata mutu wa rezo hana haki ya kuiomba.

Umefika mbele ya kintu: jaribu

Chagua mahali pa watu, mchana: ku stasio ya mafuta, mbele ya banki, ku ajansi. Usiende peke yako, na usibebe makuta yote mu mukono. Mwizi mwingine hana hata frigo ya uwongo. Anakuita tu mu njia ya pembeni akijua umebeba dola. Kisha jaribu kintu, kila moja kwa namna yake.

Telefone. Piga *#06#: namba 15 za IMEI zitaonekana. Wengi tulianza kuijua wakati wa RAM, mu 2020. Zilingane na zile za ku karton. Kisha mwenyewe aondoe konti yake ya Apple ao ya Google mbele yako, telefone isafishwe yote, na iwake tena bila kuomba kode ya mutu mwingine. Kama anasema "utafanya nyumbani", umenunua jiwe la kuangalia.

Batri. Batri ya asidi ya volti 12 iliyojaa, ikipumzika bila kuunganishwa, inaonyesha karibu 12,6 ao 12,7. Lakini volti peke yake inaweza kudanganya: ipe kazi, iwashe taa ao televizio nusu saa, uone kama inaanguka. Pima pia uzito. Batri ya plomb ya volti 12 yenye Ah 200 inapita kilo 50. Ukiinyanyua na mukono moja, ndani hamuna kile kimeandikwa inje.

Pano ya jua. Usisome karatasi ya nyuma tu, chukua metre. Pano nzuri inatoa karibu wati 200 kwa kila metre karé, mu jua kali. Pano ya wati 300 inakaribia metre 1,6 kwa urefu na metre 1 kwa upana. Kama imeandikwa 300 na unaweza kuibeba mu kwapa, muandiko unadanganya.

Frigo na konjelatere. Iwashwe mbele yako, ukae nusu saa, usikie motere, ushike ndani kama baridi inaanza. Kama inafika kwako ikiwa imelazwa mu gari, uisimamishe masaa mengi mbele ya kuiwasha.

Gari na pikipiki. Gari nyingi za okazio zinatoka Japani, zinashuka ku bandari ya Dar es Salaam, zinapita Zambia na kuingia kwetu ku Kasumbalesa. Gari iliyotengenezwa kwa soko ya Japani iko na namba fupi ya shasi, haifike alama 17. Hii haiko dalili ya uwongo. Uwongo ni pale namba ya ku chuma haifanane na ile ya ku karte roze na ku karatasi za DGDA, ao pale chuma imepigwa upya na kupakwa rangi mupya mahali pale tu. Uende na mekanisie wako, si yule anayeletwa na muuzishaji.

Bei ndogo ya kintu cha wizi

Pengine kintu ni cha kweli, kinatumika vizuri, na bei iko chini sana. Ujiulize kilitoka wapi. Kode penale ya inchi yetu inaazibu mwizi, na inaazibu pia anayepokea kintu cha wizi, ile wanaita recel. Telefone iliyoporwa ikikamatwa kwako, wewe ndiye utaeleza ku OPJ. Siku tatu ku kasho ni siku tatu za kukosa kazi, na kampani haingojee.

Kwetu sisi wa migodi hatari ni kubwa zaidi. Batri za mashini, kable ya shaba, vyombo, mafuta: bintu hii inatoka ku kazi na kuuzishwa mu kartie. Ukinunua kintu kilichoibwa ku kampani yako, ni vigumu sana delege kukutetea, kwa sababu kampani itasema ni fote lurde, na mukataba unavunjika bila preavi. Dola 40 uliyopona ku batri inaweza kukuondolea mushahara wa miaka.

Ndiyo maana muandikishane. Karatasi moja inatosha: majina ya wote wawili, namba ya karte ya electeur, tarehe, bei, namba ya IMEI ao ya shasi, sahihi, na mashahidi wawili. Muuzishaji wa haki hataogopa kalamu.

Kama wamekwisha kukuibia

Usinyamaze, na usifute maandiko kwa hasira. Fanya hivi, na ufanye haraka.

Kwanza, ita serivisi ya rezo yako, ao kimbia ku ajansi yake, uwape namba ya muamala iliyo mu meseji. Kama eskro hajatoa makuta ku kabini, kuko nafasi ya kuizuia. Kila dakika ina maana.

Pili, piga foto ya eklan ya maneno yote: namba, tarehe, tangazo, meseji ya malipo. Kisha tuma ku telefone ya mutu mwingine, isipotee.

Tatu, peleka mashitaka ku OPJ ao ku parke. Eskrokeri iko mu kifungu cha 98 cha Kode penale, kitabu cha pili, na inaleta kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 5. Tena Kode ya numerike, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inakubali maandiko ya elektroniki kuwa ushuhuda. Mutu akikuambia "WhatsApp haiko karatasi", hasemi sheria. Omba delege akusindikize, usiende peke yako.

Ine, onya grupu. Sema namba na namna walivyofanya, kusudi mwingine asitumbukie jioni ile ile.

Neno moja zito hapa. Watu wakisikia mwizi wa telefone amepatikana, wengine wanatafuta pneu na petroli. Hapana, bandugu. Namba ya SIM inaweza kuwa imeandikwa kwa jina la kijana aliyeuzisha karte yake kwa franka kidogo, ao la mama ambaye telefone yake iliibwa. Ukimupiga mutu ambaye hakula makuta yako, umeongeza kilio juu ya kilio, na eskro mwenyewe anacheka mu mji mwingine. Umupeleke ku sheria.

Tuvunje haya

Silaha kubwa ya baeskro ni haya yetu. Mwanaume aliyeibiwa dola 200 anaona afazali kukopa lamberi kuliko kuambia ekipe. Hivi eskro yule yule, na foto ile ile ya frigo, anapita ku ekipe ya asubui, kisha ya mchana, kisha ya usiku. Kama wa kwanza angesema, wa pili na wa tatu wangepona.

Ku kazi, ajali ndogo inatangazwa, hata kama hakuna aliyeumia, kusudi ingine isikuje. Tunaomba badelege wafanye vile na hii: dakika tano mu mukutano wa usalama, mara moja kwa mwezi, wiki ya paye. Bila kutaja jina la aliyeibiwa. Namba gani ilipita, kintu gani, walisema nini. Bamama nao wafanye vile mu likelemba zao, maana mara nyingi wao ndio wanaopokea simu.

Na kama siku moja mutu anakuandikia kwamba kuko kintu kizuri, bei ndogo, haraka, tuma kidogo tu, umujibu kwa upole: "Asante. Nitakuja kuona na ndugu yangu, na nitalipa nikisha kujaribu." Mwenye kintu atakupa saa na mahali. Asiye na kintu atakubloke, na makuta yako italala kwako.